Wageni wa Wodini, Kutwa Mara Tatu

Ningekuwa na madaraka wizarani hata kwa wiki moja, nisingeanza na majengo wala mashine. Ningeanza na wageni wa wagonjwa. Kila kidonge kinachoingia wodini kimepimwa, kimesajiliwa, kimeandikwa kinamezwa kutwa mara ngapi na kama ni kabla ya kula au baada. Lakini ikifika saa kumi jioni mlinzi anafungua geti, na mtu yeyote mwenye mfuko wa machungwa anaruhusiwa kupita moja kwa moja hadi kitandani, akamwambie mgonjwa chochote kilichomjia kichwani akiwa amening'inia kwenye daladala.

Nina haki ya kulalamika. Nimepasuliwa ngiri. Daktari alifanya kazi yake vizuri, na kwa muda mfupi kuliko ule nilioutumia kwenye foleni ya kulipia: alirudisha utumbo ulipotakiwa kuwa, akaweka wavu wa kuuzuia, akashona, akaenda kunywa chai. Kazi iliyobaki, yaani kupona, aliwaachia ndugu, jamaa, majirani na mwoga mmoja aliyelala chali. Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Ngiri kwetu haiishii kuwa ugonjwa. Ni mada ya baraza. Kila nguzo ya umeme kutoka Buguruni hadi Tabata ina karatasi ya mganga anayetibu ngiri, nguvu za kiume na kesi za mahakamani kwa namba moja ya simu. Kwa hiyo ukitamka tu kwamba unakwenda kupasuliwa, kila mwanamume aliyevuka miaka 40 anageuka bingwa. Anashusha sauti, anatazama mkanda wako wa suruali, anakuuliza kama umeshaongea na mama watoto. Umeongea naye kuhusu nini, hasemi.

Jioni ya kuamkia operesheni alikuja mjumbe wetu wa mtaa. Alivuta kiti, akashusha pumzi, akanisimulia habari za binamu yake aliyekuwa na tatizo hilihili. "Aliingia anatembea mwenyewe, hivyohivyo kama wewe," akasema, kisha akanyamaza, akatazama dari, akaniambia Mungu ni mwema. Halafu akamenya ndizi moja kati ya zile alizoniletea, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekatazwa kula, akaimaliza, akaaga.

Baadaye kidogo akaja daktari wa usingizi, binti ambaye ningeweza kumzaa. Siku hizi wengi wetu wa ngiri hatupigwi nusu kaputi. Tunachomwa sindano ya mgongo. Akaniambia, "Mzee, miguu itakuwa mizito na utadhani si yako, usiogope, itarudi. Dawa ikiisha utasikia kama kuchomwa moto hapa kwenye kinena. Hayo ni maumivu ya kawaida, utaniambia na dawa ipo. Ukitaka kuamka usijinyanyue kwa tumbo. Geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mikono. Na ukitaka kukohoa, kumbatia mto." Akanifanyisha mazoezi ya kugeuka mara mbili hapohapo, watu wakitazama, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Usiku ule nililala.

Hawa wawili wote walinipa habari za kabla ya operesheni. Mmoja alinifundisha namna ya kuamka, mwingine alinisimulia mtu ambaye hakuamka. Na tofauti yao haikuwa ya adabu tu. Mwaka 1964, katika hospitali ya Massachusetts General kule Boston, daktari wa usingizi aitwaye Lawrence Egbert na wenzake waliwachukua wagonjwa 97 waliokuwa wanapasuliwa tumbo. Baadhi yao walitembelewa usiku wa kuamkia operesheni, wakaambiwa wataumwa wapi, kwa nini, kwa muda gani, na wajigeuze vipi kitandani. Wengine hawakuambiwa lolote kuhusu maumivu. Waliokata na kushona hawakujua nani yuko kundi gani. Walioelezwa wakatumia takriban nusu ya dawa kali za maumivu walizotumia wenzao, na wakaruhusiwa kurudi nyumbani mapema kwa wastani wa siku 2.7. Dawa yenyewe ni maneno. Haihitaji friji, haitoki bandarini, haiishi boharini. Na bado mahali pengi maelezo unayopewa kabla ya kupasuliwa ni, "Baba, saini hapa."

Kitanda changu kilikuwa dirishani. Wenzangu waliniona nina bahati, mpaka walipoinuka na kuona kilichokuwa nje: tangi la maji na jenereta. Umeme ukikatika, jenereta linanguruma, kitanda kinatikisika na kidonda kinaitikia. Sasa kuna mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, ambaye mwaka 1984 aliandika katika jarida la Science habari za madirisha. Alichambua mafaili ya wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania waliotolewa kifuko cha nyongo kati ya 1972 na 1981. Wagonjwa 23 dirisha lao lilitazama miti. 23 wengine, waliolingana nao kwa umri na hali, lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema kidogo, waliomba dawa kali chache zaidi, na manesi waliandika malalamiko machache juu yao. Juu ya jenereta Ulrich hakuandika kitu, nadhani hakufikiria binadamu anaweza kuliweka chini ya dirisha la mgonjwa. Hospitali yetu mti ulikuwepo, tena mwarobaini wa maana, wenye kivuli. Ulikuwa upande wa ofisi ya uhasibu. Wahasibu hawakuwa wamepasuliwa.

Tuje kwenye mkojo, ingawa mama watoto alinisihi nisiandike. Ile sindano ya mgongo hulaza miguu, na kibofu nacho hulala. Kwa hiyo baada ya operesheni swali linaloulizwa wodini ni moja, na manesi huliuliza kutoka mlangoni: "Baba wa dirishani, umekojoa?" Usipokojoa unawekewa mpira. Kwa watu wazima wenye akili hilo ni suala la kitabibu tu. Lakini pembeni ya kitanda changu alikuwa ameketi mkwe wangu, mama yake mama watoto, ambaye kwa heshima zetu mimi hata kupiga mswaki mbele yake siwezi. Alinitazama kwa huruma. Kisha akatoa simu, akampigia shemeji, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani, "Bado hajakojoa."

Ikafika kwenye kundi la familia la WhatsApp. Shangazi wa Dodoma akaandika kwamba wanaomba. Binamu wa Muscat, ambaye hatujaonana tangu aende huko kutafuta maisha, akashauri maji ya tikiti. Kila baada ya dakika chache mtu ananikodolea macho, na kadiri wanavyonitazama ndivyo kibofu kinavyozidi kukunja ngumi. Kibofu kina haya zake. Hakisikilizi umati. Aliyeniokoa ni nesi mmoja mtu mzima: alitoa watu wote nje, akavuta pazia, akanisimamisha taratibu kwa ule mtindo wa ubavu, akafungua bomba la kunawia likawa linachuruzika, akageuka akatazama ukuta. Basi. Nilipomaliza alisema "Hongera baba," na habari zilifika Dodoma kabla sijarudi kitandani.

Bibi Florence Nightingale angempa nesi yule nishani. Watu wanamkumbuka kwa taa tu, wanasahau alikuwa mlalamikaji wa kiwango changu. Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 aliwaandikia sura nzima wageni wanaommwagia mgonjwa matumaini ya bure na ushauri ambao hakuuomba. Aliwashukia pia wanaonong'ona chumbani mwa mgonjwa au nje ya mlango wake, kwa sababu mgonjwa atakaza masikio asikie, na asiposikia atajijazia mwenyewe. Hakuwataka hata wanaoegemea kitanda na kukitikisa. Hakuwahi kufika Tabata, lakini alimwelewa vilivyo shangazi yangu mkubwa. Shangazi alikaa kitandani kwangu, kwenye miguu, kidonda kikafuata godoro. Akamvuta shemeji sikio, wakanong'ona, wakanitazama, wakatikisa vichwa, wakanong'ona tena. Nilitumia saa nzima nikijaribu kusoma midomo. Baadaye sana nikaja kuambiwa walikuwa wanajadili kitambaa cha sare ya harusi.

Wapo na wachekeshaji. Rafiki yangu wa kazini alikuja kunichangamsha, na kweli ana kipaji. Asiyewahi kushonwa kinena hajui kicheko kinaanzia wapi mwilini. Nilimsihi aache, yeye akadhani ni sehemu ya kucheka, akaongeza. Niliumwa na rafiki yule kuliko nilivyoumwa na kisu.

Dawa niliyoipata wodini, na ambayo hakuna aliyeniandikia, ilikuwa mzee wa kitanda cha jirani. Huyu alikuwa ametolewa kidole tumbo kabla yangu, na yeye alikuwa na mtihani wake: anasubiri upepo. Daktari alitaka asikie tumbo limeanza kazi, na kila aliyepita alimwuliza mzee mwenye mvi kama ameshajamba. Alikuwa akijibu, "Bado, lakini nia ninayo." Hakunipa pole hata moja. Aliniambia tu, "Leo itauma. Kesho itauma kidogo. Kesho kutwa utaanza kulalamikia chakula." Halafu akainuka kwa ubavu, akashika tumbo, akaburuta kandambili hadi mlangoni na kurudi. Nilipomwona anarudi mzima, miguu yangu ikaona aibu.

Hilo nalo lilishachunguzwa. Mwaka 1987 James Kulik na Heike Mahler, wa California, waliangalia wagonjwa waliokuwa wanangojea operesheni ya moyo na kuchunguza wanalazwa chumba kimoja na nani. Waliolazwa na mtu aliyekwisha kupasuliwa walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko waliolazwa na mwenzao anayengojea kisu kama wao, wakatembea zaidi baada ya operesheni, wakatoka mapema. Mimi ningependa hospitali zetu zilichukulie hili kwa uzito. Badala ya kutupanga kwa vitanda vilivyo wazi, kila mwoga apewe mzee mmoja wa kidole tumbo. Mtu anayetoka huko uendako ana uzito ambao mjumbe wa mtaa hawezi kuupata, hata aje na ndizi mkungu mzima.

(Upepo ulikuja alfajiri. Wodi nzima ilijua, na tulipiga makofi.)

Nikarudi nyumbani, ambako matatizo yakabadilika sura. Wodini nilisumbuliwa nitembee. Nyumbani nilikatazwa hata kunyoosha mkono kuchukua chumvi. Tangu miaka ya 1990 daktari mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, amekuwa akihubiri kwamba mgonjwa aliyepasuliwa aamshwe mapema, ale mapema na atembee mapema, na hospitali nyingi duniani zimemfuata. Shangazi hakumfuata. Kwake mgonjwa anayeonekana wima ni mgonjwa asiyetunzwa, na majirani watasema. Nikisimama, "Mwanangu, lala." Nikikaa, "Mwanangu, jinyooshe." Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, na kwa kweli sikuulizwa: wa ulezi asubuhi, wa mchele mchana, mtori usiku, na katikati supu ya kuku wa kienyeji ya kuziba nafasi. Kitu cha kupunguza uzito juu ya nyuzi hakikuwemo.

Nikiri kwamba kuugua kuna utamu wake. Rimoti ilikuwa yangu. Watoto walipita kwa ncha za vidole. Mpira wa jioni niliuangalia mpaka dakika za majeruhi bila mtu kuhamisha kwenda kwenye tamthilia. Kuna asubuhi niliamka sisikii maumivu yoyote, na kabla sijafurahi nikasikia mama watoto nje anauliza nani atakwenda kubeba ndoo. Nikagundua bado panavuta kidogo upande wa kulia.

Lakini mwenye nyumba hapumziki. Bili ilikuja na vitu ambavyo bima ilikuwa haivitambui, ada ya shule ikakumbusha kwamba ipo, na sisi wawili tukaanza kukwaruzana juu ya nani alimkopesha nani hela za mchango. Nikaamua kutumia sayansi. Nilikuwa nimesoma habari za Janice Kiecolt-Glaser na mumewe Ronald Glaser, wa Chuo Kikuu cha Ohio State; mke ni mwanasaikolojia, mume alikuwa mtaalamu wa kinga ya mwili, na kwa pamoja walichunguza, pamoja na mengine, jinsi ndoa za watu wengine zinavyoponya vidonda. Katika utafiti wao wa mwaka 2005 walichukua jozi 42 za wanandoa, wakawatengenezea malengelenge madogo mkononi, wakawaacha wazungumze. Siku moja mazungumzo ya kufarijiana, siku nyingine mazungumzo ya jambo wanalogombania. Baada ya ugomvi vidonda vilichelewa. Na wale wenzi ambao kugombana kwa chuki ndiyo kawaida yao, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao wapole.

Nilimsomea mama watoto kwa sauti ya kuumwa. Nikamweleza kwamba mtu akiwa na msongo mwili hutoa homoni ya kortisoli, na hiyo ikizidi inawachelewesha askari wa kinga wanaotakiwa kukimbilia kidonda na kuanza usafi. Nikamwongezea wanafunzi 11 wa udaktari wa meno waliotobolewa kidogo kaakaa la mdomo mara mbili, mara ya kwanza wakiwa likizo na mara ya pili karibu na mtihani. Wakati wa mtihani kidonda kilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 40. "Kwa hiyo ukinifokea," nikamalizia, "unanipasua upya."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Hao wa Ohio," akauliza, "anayechelewa kupona ni anayefokewa au wote wawili?"

Nikasema wote wawili.

"Na mtu anayeuguza, walimpima?"

Hapo nilitamani ningekuwa sijasoma sana. Walimpima. Mwaka 1995, timu hiyohiyo, wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Walipewa jeraha dogo mkononi, likachukua siku 9 zaidi kupona kuliko la wanawake wenzao wa umri na kipato kama chao wasiouguza mtu. Nilimwambia kwa sauti ndogo. Akatoa jiwe kwenye mchele, akalirusha dirishani, akaniambia, "Basi inuka ukaoshe vyombo, tupone wote."

Nikainuka kwa ubavu, kama nilivyofundishwa. Naomba iandikwe mahali kwamba sahani nilizoosha jioni ile zilinisaidia kuliko wiki ya kulala chali. Nilisimama, nikaegemea sinki, nikasahau kinena kwa mara ya kwanza, na hakuna mtu aliyeniuliza naendeleaje. Shangazi alipotokea mlangoni akaniona na povu mikononi alishika kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. Mama watoto akamwambia ni maagizo ya Denmark.

Sasa nyuzi zimetoka na nimerudi kazini. Kilichobaki ni deni. Juu ya kabati la jikoni zimepangwa hotipoti, chupa za chai na mabakuli yaliyokuja na mtori, supu na pilau, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mama watoto ana daftari. Kurasa za kushoto wapo waliokuja na walicholeta. Za kulia wapo ambao hawakuonekana, na hao wakiugua watajua hawajui. Mjumbe yuko kushoto, kwa alama ya vema, kwa ndizi ambazo alizifungua mwenyewe. Nimejaribu kueleza kwamba mtu anayemsimulia mgonjwa mazishi anastahili ukurasa wa peke yake. Nimejibiwa kwamba alikuja, na aliyekuja amekuja.

Hotipoti ya mjumbe ndiyo kubwa kuliko zote, maana mkewe alituletea pilau mara mbili. Jumamosi hii natumwa Buguruni nikanunue kuku, mchele na ndizi za kuijaza hiyo na wenzake. Nilikumbusha kwamba daktari amesema nisibebe mizigo bado.

"Nani kasema ubebe?" akauliza mama watoto. "Unapanda bodaboda, kuku wanabebwa na pikipiki."